SAHANI YA MWANAFUNZI NA JASHO LA MKULIMA
Historia ya huduma na maisha ya wanafunzi Mlimani, 1961 hadi leo

Historia ya vyuo vyetu imezoeleka kuandikwa kwa kuhesabu vitivo, majengo na majina ya wakuu wa vyuo. Mambo ya bwalo, kitanda, dawa ya malaria, nauli ya likizo na fedha za vitabu huachiwa wahasibu, kana kwamba hayana siasa ndani yake. Sisi tunaofundisha elimu ya siasa tunaona kinyume chake. Tukiipitia historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, tangu mwaka 1961, tunakuta kwamba karibu kila mgogoro mkubwa uliokitikisa chuo hicho uligusa, waziwazi au kwa kuzunguka, swali moja: nani amegharimia sahani ya mwanafunzi, na mwanafunzi huyo atalilipa deni hilo kwa nani na kwa namna gani?

Yafaa kwanza tulichambue neno lenyewe. Katika jamii ya kikabaila, bwana akimlisha kijana aliye chini yake, hiyo ni hisani, na kijana hulipa kwa utii. Katika jamii ya kibepari huduma ni bidhaa. Mwenye fedha hununua, asiye na fedha huachwa mlangoni. Katika nchi iliyoamua kujenga Ujamaa, chakula na kitanda cha mwanafunzi havikuwa hisani wala bidhaa. Vilikuwa ni jasho la wakulima na wafanyakazi lililotangulizwa, yaani zao la pamba, kahawa na mkonge lililogeuzwa kuwa wali, shuka na karatasi, kwa matumaini kwamba baada ya miaka michache litarudi kijijini likiwa daktari, mwalimu au mhandisi. Msomaji asiyeshika jambo hili hataelewa kwa nini mabishano ya fedha ya matumizi yamewahi kufunga chuo kizima kwa miezi.

KUTOKA LUMUMBA HADI MLIMANI

Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao sasa tunauita Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika kumi na watano. Tunapenda kuwakumbusha vijana jambo hili kwa sababu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilizaliwa ndani ya nyumba ya Chama, pembeni mwa Kariakoo. Mwanafunzi aliyetoka darasani alikutana na mchukuzi, fundi cherehani na mwuza samaki kabla hajafika mwisho wa mtaa.

Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, kiasi cha kilometa 13 kutoka katikati ya jiji. Hatuna haja ya kuulaumu uamuzi huo. Chuo kinachokua kinahitaji ardhi. Lakini tuone matokeo yake. Ukimweka kijana mlimani, mbali na soko na mbali na ndugu zake, huna budi kumpa kila kitu: bweni, bwalo, zahanati, maktaba, usafiri, walinzi, wapishi, wafagiaji. Hapo ndipo mfumo mzima wa huduma za wanafunzi ulipozaliwa, na ukazaliwa katika umbo la kigeni. Chuo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kisha tangu 1963 sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mtindo wa maisha ya bwenini uliletwa kutoka Uingereza pamoja na mitaala. Kwa Mwingereza, bweni la chuo halikuwa mahali pa kulala tu. Lilikuwa kiwanda cha kutengeneza mabwana: mtu aingie kijana wa kawaida, atoke amezoea kutumikiwa.

Wakati huo huo Serikali ilichukua hatua ambayo haikuwa ya Kiingereza hata kidogo. Hadi wakati huo wazazi walichangia gharama kwa kadiri ya uwezo wao. Mwaka 1964 mchango huo ukaondolewa, na Serikali ikabeba mzigo wote kwa njia ya basari. Mwanafunzi kwa upande wake alitia sahihi ahadi ya kuitumikia Serikali kwa miaka mitano baada ya kumaliza. Kwa hatua hiyo mtoto wa mkulima wa Ukara na mtoto wa jumbe wakakaa kwenye benchi moja wakila chakula cha sufuria moja. Hilo lilikuwa pigo halisi kwa matabaka yaliyorithiwa kutoka ukoloni, na kadri miaka inavyokwenda ndivyo tunavyozidi kuona ukubwa wake.

Mwaka huo huo wa 1964, akizungumzia Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa ule mfano ambao kila kada anaujua. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila, akafika huko, kisha asirudi, huyo ni msaliti. Mara nyingi mfano huu hutajwa kama nasaha ya maadili. Sisi tunausoma kama maelezo ya uchumi. Chakula kilichozungumzwa kilikuwa chakula kweli. Kililimwa na watu waliokuwa hai na waliokuwa na njaa, kikaliwa mlimani.

OKTOBA 1966

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Mlimani, waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao hadi Ikulu kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango ulitaka wahitimu wa vyuo na wa shule za juu watumikie taifa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki wafanye kazi zao za kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha wote makwao. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Katika madarasa yetu kisa hiki hufundishwa mara nyingi kama hadithi ya vijana watovu wa shukrani na baba aliyewaadhibu. Ufundishaji huo ni mwepesi mno. Kada anapaswa kuuliza: vijana wale walitoka wapi? Hawakuzaliwa na mabwanyenye. Nchi haikuwa na mabwanyenye wengi wa kuzaa wanafunzi 400. Wengi wao walitoka katika nyumba za udongo, wakasomeshwa kwa mbuzi na ng'ombe waliouzwa na ukoo. Ni nini basi kilichowafanya, ndani ya miaka miwili mitatu, waone kwamba kutoa sehemu ya mshahara ambao hawajaupata bado ni dhuluma?

Jibu haliko katika mihadhara. Liko katika mfumo wa maisha waliowekewa. Mtu hufunzwa na mazingira yake kuliko anavyofunzwa na hotuba. Ukimpa kijana chumba kizuri katika nchi ya vibanda, ukamwekea mtu wa kumfagilia na mtu wa kumpikia, ukamtenga kilometa 13 na watu wa kawaida, kisha ukamwambia kila siku kwamba taifa linamngojea, usistaajabu akiamini kwamba taifa ni lake. Huduma zilikuwa sahihi kwa shabaha, kwa maana ziliondoa kikwazo cha fedha. Zilikuwa na kasoro kwa umbo, kwa maana zilimzoesha kupokea bila kutoa. Hakuosha sahani yake. Hakufagia ngazi zake. Deni lilikuwa limeandikwa katika karatasi ya ahadi aliyoitia sahihi, na karatasi haimfundishi mtu kitu.

Ni haki pia tuseme upande wa pili. Wanafunzi wale waliuliza kwa nini wao wakatwe mshahara ilhali wakubwa Serikalini wanaishi kama walivyoishi. Swali hilo halikuwa la kijinga, na kile kitendo cha Rais kujikata mshahara kilikuwa ni kukiri kwamba lina uzito. Miezi isiyozidi minne baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangaza masharti ya uongozi yaliyowakataza viongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Mwezi uliofuata ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyoonyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na ikataka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji. Wanafunzi waliofukuzwa walisamehewa, wakarudi chuoni mwaka huo wa 1967. Walirudi kwenye nchi nyingine.

SIKU YA MATAMBARA NA MEZA YA USIKU

Jinsi nchi ilivyobadilika tunaweza kuiona katika tukio moja dogo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Wanafunzi wa Mlimani walikuwa wamerithi kutoka vyuo vya Uingereza desturi ya kuvaa matambara siku moja katika mwaka, kupanda malori na kuzunguka mjini wakicheza na kukusanya sadaka kwa ajili ya maskini. Mwaka 1968 wanafunzi wa umoja wa USARF, ulioundwa mwaka 1967, waliamua kuizuia. Walitoa upepo katika matairi ya malori, wakawahutubia wenzao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: wazazi wetu huvaa matambara kwa sababu hawana nguo nyingine, nani aliyetupa ruhusa ya kuugeuza umaskini wao kuwa mchezo wa kuigiza?

Hapo tunaona ufahamu mpya wa maisha ya chuoni. Miaka miwili tu baada ya majoho kuandamana hadi Ikulu, kundi la wanafunzi lilikuwa limetambua kwamba hata burudani ina tabaka. Vijana hao walikuwa wachache. Miongoni mwao alikuwamo Yoweri Museveni kutoka Uganda, aliyekuwa mwenyekiti wao. Walifanya madarasa ya itikadi siku za Jumapili, walikwenda kufanya kazi katika vijiji vya Ujamaa, na walikuwa karibu na Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana. Jarida lao, Cheche, lilianza 1969, na humo ndimo Issa Shivji alimotoa mwaka 1970 uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini.

Tunataka makada waone uhusiano uliopo hapa. Cheche haikuandikwa na watu wenye fedha. Iliandikwa na vijana waliokuwa na kitanda cha uhakika, mlo wa uhakika, maktaba iliyo wazi na saa za usiku ambazo hawakuhitaji kuzitumia kutafuta mkate. Ugali wa Serikali ndio uliolisha mikono iliyoikosoa Serikali. Wapo waliosema kwamba hiyo ni hasara. Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba nchi haikuhitaji kuazima itikadi kutoka nje na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Jarida la MajiMaji la vijana wa TANU hapo chuoni likashika nafasi yake, na kwa miaka kadhaa likaendeleza mijadala ile ile kwa ukali ambao baadhi ya wakubwa hawakuutarajia. Ni maoni yetu kwamba umma haukupata hasara yoyote kwa sahani zile. Zilikuwa miongoni mwa sahani zilizolipa vizuri kuliko zote.

Tarehe 1 Julai 1970 Mlimani kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, na Pius Msekwa, aliyetoka katika uongozi wa TANU, akawa Makamu Mkuu wa kwanza. Mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo, ambao ulikemea kiongozi mwenye kiburi na amri. Wanafunzi walisoma waraka huo kwa makini kuliko wakuu wao walivyodhani. Julai 1971 kiongozi wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kuilaumu menejimenti kwa kuendesha chuo bila demokrasia. Akafukuzwa, polisi wenye silaha wakamwondoa chuoni, na wanafunzi wakagoma. Baadaye alirudishwa. Somo lake ni kwamba mwanafunzi aliyeshibishwa nadharia ya Chama alikuja kudai itekelezwe nyumbani kwake, bwenini na kwenye vikao vinavyompangia maisha.

WATU WAZIMA BWENINI

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba mtu asiende tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari. Atumikie taifa kwanza, afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri wake na Chama. Azimio hili lilikuwa jibu la kina zaidi kwa swali la 1966: badala ya kulipa deni baada ya kula, mtu aanze kutoa jasho kabla ya kula.

Kwa upande wa huduma, azimio lilileta wanafunzi wa aina mpya. Bwenini sasa waliishi watu wazima, wenye wake na waume, wenye watoto walioachwa Songea au Kigoma. Hawa hawakuwa na haja ya kulelewa. Walihitaji nauli ya likizo isiyochelewa na njia ya kupeleka fedha nyumbani. Kwa wanawake matokeo yalikuwa mabaya. Binti aliyetakiwa kufanya kazi miaka miwili alikuwa, katika jamii yetu ilivyo, ameolewa na kuzaa kabla barua ya chuo haijafika. Idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka, ikabidi waondolewe sharti lile baada ya muda mfupi. Azimio zuri lilikuwa limesahau kwamba usawa wa masharti si usawa wa hali.

TANGU 1978 HADI 1990

Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga kuongezwa kwa marupurupu ya mawaziri na wabunge. Linganisha na 1966: wakati ule walidai mshahara wao usiguswe, sasa walidai masharti ya Azimio la Arusha yaheshimiwe. Walikuwa wakiwanukulia viongozi maneno ya viongozi wenyewe. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa, ingawa baadaye walisamehewa, na chama chao, DUSO, kikafutwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, jumuiya ya wanafunzi iliyokuwa chini ya Umoja wa Vijana wa CCM.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wa mambo kama wanavyostahili makada kuambiwa. Jumuiya ya wanafunzi ina kazi mbili: kutetea siasa na kuangalia tumbo. MUWATA ilipewa ya kwanza, ikanyimwa nguvu ya kufanya ya pili. Kiongozi wa wanafunzi aliyetegemea kuteuliwa au kukubaliwa na walio juu yake hakuwa na sababu ya kupeleka habari mbaya huko juu. Na habari mbaya zilikuwa nyingi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei za mazao yetu katika soko la mabeberu, na hatimaye masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ambayo nchi iliyakubali mwaka 1986, vyote viliishia kwenye sahani ya mwanafunzi. Fedha ya matumizi, ambayo wanafunzi waliibatiza jina la bumu, ilikuwa ikipoteza thamani kabla haijatumika. Vyumba vilijaa, mabomba yakakauka, vitabu havikununuliwa. Nani aliyapokea malalamiko hayo na kuyapeleka kunakohusika? Mfereji ulikuwa umezibwa, maji yakatafuta pengine pa kutokea.

Yakatokea ukutani. Mlimani palikuwa na desturi ya zamani ya karatasi za kejeli zilizobandikwa usiku bila jina la mwandishi, zikijiita Mzee Punch. Wapo waliozisifu kama sauti ya wanyonge, na ni kweli zilimkejeli mkubwa yeyote. Lakini kejeli isiyo na mwandishi haina wa kuulizwa, na upesi ilimgeukia aliye dhaifu zaidi, yaani mwanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mwanamume alichorwa, akatukanwa, wenzake wakakatazwa kusema naye. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kuanzishwa, kilipaza sauti, na Punch ikapigwa marufuku.

Tunakaa kidogo kwenye msiba huu kwa sababu katika mijadala ya huduma za wanafunzi makada wengi huishia kwenye chakula na mikopo. Bweni ni jamii, na jamii ina wanyonge wake. Binti yule alikuwa na kitanda, alikuwa na mlo, alikuwa na nafasi ambayo maelfu waliikosa. Alichokosa ni mtu mwenye mamlaka wa kumsikiliza kabla ya kufa. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo wengi huiona kama ofisi ya funguo na ruhusa za safari, kazi yake halisi ilikuwa hiyo. Mkoloni hakuiacha na desturi ya kuifanya, wala sisi hatukuwahi kuijenga kwa dhati.

Mwezi Aprili mwaka huo huo wanafunzi waligomea madarasa wakidai Mkuu wa Chuo, Rais Ali Hassan Mwinyi, aje kuzungumza nao kuhusu hali ya chuo. Mei 1990 Serikali ilikifunga chuo, na hakikufunguliwa hadi Januari 1991. Tangu mwaka huo wanafunzi wana jumuiya yao wenyewe, DARUSO.

UCHANGIAJI

Sera ya kuchangia gharama ilikwisha kutangazwa mwaka 1988, lakini ilianza kutekelezwa kwa hatua tangu mwaka wa masomo wa 1992/93. Kwanza mwanafunzi alibebeshwa nauli, ada za maombi na za usajili, na mchango wa jumuiya yake. Hatua ya pili, katikati ya miaka hiyo ya tisini, ikagusa kiini: chakula na malazi. Serikali ikatoa mkopo kwa ajili hiyo, na mwanafunzi akajilipia. Katika miaka hiyo hiyo chuo kiliachana na kazi ya kupika, mabwalo yakapewa wazabuni.

Watetezi wa hatua hiyo walikuwa na hoja ambazo hatuwezi kuzipuuza. Hazina ilikuwa tupu. Chuo kilitumia sehemu kubwa ya fedha zake kwa kulisha watu badala ya kufundisha, na upotevu jikoni ulikuwa siri ya wote. Mkulima asiye na mtoto chuoni alikuwa akimlipia mtoto wa mkurugenzi. Hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na ilivaa nguo za Ujamaa. Lakini dawa iliyotolewa haikuwa kumtoza mkurugenzi. Ilikuwa kumtoza kila mtu, kisha kumkopesha asiyeweza. Tofauti ni kubwa.

Angalia kilichotokea mezani. Bwalo la zamani, pamoja na foleni zake na maharage yake yenye mawe, lilikuwa mahali pekee ambapo wanafunzi wote walikula kitu kimoja kwa wakati mmoja. Bwalo la mzabuni lina bei ukutani. Mwenye fedha hula kuku, mwingine hula wali mtupu na mchuzi, mwingine hupita mlangoni akisema ameshiba. Wiki za mwanzo bumu linapotoka mabwalo hujaa. Wiki za mwisho ni chai na andazi. Tabaka ambalo sera ya 1964 ililiondoa kwenye sahani likarudi kwenye sahani.

Kisha bwenini. Idadi ya wanafunzi iliongezeka kuliko vitanda, na lugha ya Kiswahili, ambayo haichelewi kamwe, ikapata neno jipya: kubebana. Mwanafunzi aliyepata chumba humbeba mwenzake aliyekosa, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Chumba cha wawili huwa cha wanne. Uongozi wa chuo umekuwa ukikataza jambo hili kwa sababu za afya na usalama, na sababu hizo ni za kweli, maana matundu ya choo hayaongezeki kwa kuwa watu wameongezeka. Hata hivyo hatuoni haya kusema kwamba katika miaka ya uchangiaji, kubebana kulihifadhi moyo wa Ujamaa pale Mlimani kuliko waraka wowote. Anayebeba hatozi kodi. Hajui kama mwenzake ni Msukuma au Mmakonde hadi amekwisha kumkaribisha. Mwaka 2000 na miaka iliyofuata, hosteli ya Mabibo ilipunguza shida bila kuimaliza. Mwaka 2017, tarehe 15 Aprili, Rais John Magufuli alifungua mabweni 20 yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10 ili kulaza wanafunzi 3,840. Mabweni hayo yalijengwa na wakala wa Serikali kwa fedha za Serikali, jambo ambalo miaka ishirini iliyotangulia watu walikuwa wakiambiwa kwamba haliwezekani tena.

DENI LABADILI MKOPESHAJI

Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Kwa kuunda Bodi, taifa lilikubali kwamba mtoto wa maskini hawezi kusoma bila fedha za umma, na hilo ni jema. Lakini hebu tuangalie jinsi mahusiano yalivyobadilika. Mwanafunzi wa 1965 alidaiwa na kijiji, yaani na watu. Mwanafunzi wa sasa anadaiwa na daftari. Anapoulizwa anadaiwa nini, hutaja kiasi cha fedha. Hataji mtu yeyote. Mwalimu wa siasa anayetaka kumweleza mfano wa kijiji chenye njaa hukutana na jibu ambalo si rahisi kulipinga: nitarejesha kila senti, kwa hiyo sina deni jingine.

Jibu hilo lina kasoro, na makada wajifunze kuionyesha kwa hesabu badala ya kemeo. Mkopo hulipia ada, chakula na malazi ya mtu mmoja. Hauwezi kulipia shule ya msingi aliyosoma, barabara iliyomfikisha Ubungo, mshahara wa mhadhiri, wala maktaba iliyojengwa kabla hajazaliwa. Kinachorejeshwa ni sehemu tu ya kilicholiwa. Tukiwaeleza vijana hivi, huelewa. Tukiwafokea, husinzia.

Upande wa urejeshaji nao una historia yake. Marekebisho ya 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8, na yaliwagusa hata waliokopa chini ya masharti ya zamani. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni ili kulinda thamani yake, na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji nayo ikaondolewa. Deni lenyewe limebaki. Anayekatwa kwa urahisi ni mwalimu wa sekondari kule Sumbawanga na muuguzi wa Tandahimba, kwa sababu mishahara yao hupita kwa mwajiri. Wakili aliyejiajiri mjini hutafutwa kwa barua.

Na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa chanzo cha yale maandamano ya majoho? Mafunzo yake kwa wasomi yalisitishwa mwaka 1994, wakati uchangiaji ukipamba moto, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, ingawa nafasi za kambini huwa hazitoshi kuwachukua wote. Vijana wa 1966 walitakiwa kuishi kwa asilimia 40 ya mshahara kwa mwaka mmoja na nusu, kisha deni lingekwisha. Wa leo hubaki na asilimia 85, na makato huendelea kila mwezi hadi daftari liseme basi. Kwa wengi hiyo ni miaka kumi au zaidi.